Jedwali la Alama na Mlio wa Silinda Moja

Karatasi ile bado ninayo, imekunjwa mara nne ndani ya daftari langu la matengenezo. Nilichora jedwali la pikipiki tano na vigezo vinane, kisha nikajaza kila chumba alama kati ya 1 na 5 kana kwamba nasahihisha mtihani: ulaji wa mafuta, urefu wa kiti, breki, uzito, upatikanaji wa vipuri, umbali kati ya matengenezo, uwezo wa kubeba mizigo na starehe ya abiria. Iliyoshinda ilipata alama 34 kati ya 40. Pikipiki niliyo nayo leo, mwaka wa tisa sasa, haikuwamo kwenye jedwali hilo, na juzi nilipoipima kwa vigezo vilevile, bila kuionea wala kuipendelea, ilipata 17.

Sitaki kuikejeli ile ya alama 34, maana haikunikosea lolote. Ilikuwa na silinda mbili, injini ya ujazo wa cc 500 iliyopozwa kwa maji, breki zenye mfumo wa kuzuia gurudumu lisijifunge, na kompyuta iliyogawa mafuta kwa uangalifu ambao mkono wa binadamu hauna. Kwa miaka miwili haikukataa kuwaka hata siku moja. Niliipa alama 5 kwa sababu valvu zake zilihitaji kukaguliwa kila baada ya kilomita 24,000, na nikajipongeza kwamba nimeepuka usumbufu. Nilipoiuza ilikuwa haijafikisha hata kilomita 5,000. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za kwenda kazini na kurudi. Siku za mapumziko wingu dogo lilitosha kunizuia, na lisipokuwapo wingu, nilichoka. Mnunuzi alipoondoka nayo niliingia ndani kabla hajafika kwenye kona, nikaendelea na nilichokuwa nakifanya. Ilinichukua muda kuelewa kwamba vigezo vyangu vyote vinane viliuliza namna pikipiki itakavyonitumikia, na hakuna hata kimoja kilichouliza kama nitatamani kutoka nayo.

Nikaamua kwamba safari hii nitaufuata moyo, na hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi. Nilinunua pikipiki ya mashindano yenye silinda nne, rangi nyekundu, mikono ya usukani ikiwa imefungwa chini kiasi kwamba dereva hulala juu ya tanki. Kila niliposimama kwenye taa watu waligeuka. Vijana waliniomba wapige nayo picha. Niliuita upendo, lakini nikijichunguza kwa uaminifu, nilichokuwa nakipenda ni macho ya watu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda changu kilikuwa kwenye viganja: mkao ule umeundwa kwa mwendo mkali, ambapo upepo unaogonga kifua humsaidia dereva kubeba uzito wa kiwiliwili chake, kwa hiyo katika mwendo wa kawaida uzito wote huishia mikononi. Nguvu ya injini ile ilianza kuamka baada ya mizunguko 9,000 kwa dakika, nami katika msongamano nilikuwa natumia 4,000, joto likinichoma mapaja. Niligundua pia jambo ambalo lilinitia aibu kidogo. Usiku, watu wakiwa wamelala na barabara ikiwa tupu, sikuwahi hata mara moja kutamani kuitoa. Ilikaa miezi 11 mikononi mwangu.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu sana na neno moyo, kwa sababu wengi wanaosema wamechagua pikipiki kwa moyo huwa wamechagua kwa kioo cha dirisha la duka wanalopita mbele yake. Swali ninalojiuliza ni rahisi na halifurahishi: kama hakuna mtu atakayeniona juu ya chombo hiki hadi nife, bado nakitaka?

Ya tatu sikuitafuta. Nilimsindikiza mwenzangu kwa mzee mmoja aliyekuwa akiuza vifaa vyake vya karakana kwa sababu goti lilikuwa limemshinda. Kwenye pembe, chini ya turubai, ilisimama pikipiki ya mtindo wa zamani ya silinda moja, cc 500, inayopozwa kwa hewa, gia nne, magurudumu ya spoku, breki za ngoma mbele na nyuma, bila kitufe cha stata. Mzee aliona ninavyoitazama. Hakusema kitu, aliivuta turubai, akafungua mafuta, akashusha kiki, ile pedali ya kuwashia injini kwa mguu, polepole kama mtu anayetafuta ngazi gizani, kisha akampa mwenzangu ishara apige kwa mguu wake mzima, akimwelekeza kwa kidole lini apige. Ikawaka kwa mara ya kwanza.

Ninajua sasa kilichonipata, kwa sababu baadaye nilikitafutia hesabu yake. Injini ya mipigo minne huwasha mafuta kwenye silinda mara moja tu kila shafti kuu inapozunguka mara mbili. Silinda moja ikinguruma taratibu kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, hulipuka mara 500, yaani takriban mara nane kwa sekunde, na sikio la mtu linaweza kuitambua kila ngurumo peke yake. Silinda nne kwa mzunguko uleule hulipuka zaidi ya mara 30 kwa sekunde, na hapo sikio huacha kuhesabu na kusikia mvumo mmoja mrefu. Ile nyekundu ilikuwa inavuma. Hii ya mzee ilikuwa inaongea neno kwa neno.

Wanaodhani kwamba mambo haya ni ya watu wasiofikiri wangetazama jinsi baadhi ya viwanda vinavyoyachukulia kwa uzito. Injini ya jadi ya Harley-Davidson ina silinda mbili zilizopishana kwa nyuzi 45, na fimbo zote mbili za pistoni zimeshikwa kwenye pini moja ya shafti, hivyo mlipuko mmoja hufuata mwingine baada ya nyuzi 315 za mzunguko wa shafti, na unaofuata husubiri nyuzi 405. Kigugumizi hicho ndicho mlio ambao kampuni iliomba usajiliwe Marekani kama alama yake ya biashara mwaka 1994, kabla ya kuliondoa ombi hilo mwaka 2000. Mwenye Moto Guzzi, pikipiki ya Kiitaliano, akivuta mafuta pikipiki ikiwa imesimama, chombo kizima huinama kidogo upande, kwa sababu shafti ya injini imelazwa kuelekea mbele na nyuma, na nguvu yake ya kuzunguka humsukuma aliyeikalia. Mhandisi angeweza kuliita jambo hilo kasoro. Waliozoea wakipanda pikipiki isiyoinama huona kama wamekalia kitu kilichokufa. Moyo, kwa hiyo, si kipofu kama unavyosingiziwa. Unapokea taarifa kwa masikio, kwa makalio na kwa nyayo, taarifa ambazo hazikuwa na chumba kwenye jedwali langu.

Niliinunua wiki iliyofuata. Mzee aliniambia, "Kijana, nitakuuzia, lakini kwanza ujifunze kuiwasha mwenyewe, maana sitaki urudi kunilaumu." Nikadhani anatania. Utaratibu wenyewe ni huu: unawasha swichi, unashusha kiki kwa upole huku ukitazama sindano ya amita, kipimo cha mkondo wa umeme, na sindano inaporuka kutoka upande wa hasi hadi katikati unajua pointi za kuwashia, viunganishi vinavyoamua lini cheche itoke, zimefunguka na pistoni iko karibu na kilele cha mgandamizo. Hapo unabana kishikio kidogo kinacholegeza mgandamizo, unaisukuma kiki inchi moja tu ili pistoni ivuke kilele, unaachia kishikio, unairudisha kiki juu kabisa, na ndipo unapiga kwa uzito wa mwili wote bila kusita. Ukisita, au kama majira ya cheche yametangulia mno, injini hurudi nyuma na kiki hukupiga wewe. Nina kovu la urefu wa kidole gumba kwenye muundi wa kulia. Siku ya nne, jasho likinitiririka, iliwaka kwa pigo moja, na nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mtu mwenye kichwa timamu atauliza kwa nini mtu ajitese hivyo. Ni swali halali. Honda iliweka stata ya umeme na breki ya diski mbele kwenye CB750 ya silinda nne mwaka 1969, na kwa wengi mjadala uliishia hapo. Lakini mwaka 1978, miaka tisa baadaye, Yamaha ilitoa SR ya silinda moja ikiwa na kiki pekee, na kwenye kichwa cha injini ikaweka kidirisha kidogo cha kumwonyesha dereva kwamba pistoni imefika mahali pa kupigia. Pikipiki hiyo, katika umbo la SR400, iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2021, bado ikiwa na kiki. Wahandisi wale hawakushindwa kuunda stata. Kuna watu, nami ni mmoja wao, ambao pikipiki inayowaka bila kuwashirikisha huwaacha nje ya mlango.

Sasa niseme upande wa pili bila kuupunguza, kwa kuwa kipenda roho hula nyama mbichi, na mimi nimeila. Mtetemo wa silinda moja kubwa haufichiki. Kufikia kilomita 80 kwa saa safari ni tamu. Ukizidi hapo vioo vya pembeni havionyeshi gari lililo nyuma bali ukungu wenye rangi ya gari. Nati hulegea, na mwaka wa kwanza nilipoteza ile inayoshika bomba la moshi, nikamalizia safari bomba likiwa limefungwa kwa waya. Nyuzi za balbu hukatika. Oili hutoka mahali ambapo mafundi watatu tofauti wameniapia kwamba imezibwa. Ninatembea na mkoba wa spana, plagi ya akiba, kebo ya klachi iliyokwisha kupitishwa sambamba na ile inayotumika, na kitambaa, na nimekuwa stadi wa kumweleza mtu kwa simu, kwa sauti tulivu, kwamba nitachelewa.

Hayo yote ni kero tu. Breki ni jambo jingine. Katika mwaka wa pili nilimpakia mpwa wangu tukateremka mlima mrefu wenye kona nyingi, na kwa vile siku ilikuwa nzuri na mlio ulikuwa mzuri, niliacha gia ya nne na kushika breki kila kona. Karibu na chini, kishikio cha breki ya mbele kilikuja hadi kwenye usukani na pikipiki haikupungua mwendo kama nilivyotarajia. Ngoma ya breki ikipata moto hutanuka na kujitenga na vipande vinavyoibana kutoka ndani, na vipande vyenyewe vikichemka hupoteza mshiko. Diski ina nafuu kwa kuwa iko wazi kwenye upepo, na ikitanuka husogea kuelekea pedi zake. Nilijua maelezo hayo kwa kusoma. Nilishusha gia mbili kwa pupa, injini ikalia, tukaipita kona ya mwisho kwa upana ambao sitausahau, na kwa bahati hapakuwa na gari upande ule. Mpwa wangu, aliyekuwa na miaka 15, alidhani nilikusudia na akanipongeza. Sikumjibu. Mikono ilikuwa inatetemeka, na safari hii haikuwa kwa sababu ya injini.

Sikuiuza, ingawa nilifikiria. Nilipeleka ngoma zikachongwa ziwe duara kamili, nikabadilisha bitana za vipande vya breki, na nikajiwekea sheria ambayo sijaivunja: mteremko naushuka kwa gia ambayo ningeupandia, na abiria hapandi kama njia ina mteremko mrefu. Moyo ulikuwa umechagua chombo, lakini niliuachia pia kazi ya kukiendesha, na kazi hiyo hauiwezi. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mtu achague kwa moyo bila kwanza kumuuliza anakwenda kufanya nini. Anayetegemea pikipiki kupata riziki, au anayempeleka mtoto shule kila asubuhi, ana deni kwa watu wengine, na jedwali la alama ndilo linalolinda deni hilo.

Tena vitu hivi viwili si lazima vipigane. Honda Super Cub ilianza kuuzwa mwaka 1958 ikiwa chombo cha akili tupu: injini ndogo, klachi inayojiendesha yenyewe, kinga ya miguu dhidi ya tope, mafuta kidogo. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Ninawafahamu wenye hadhi ya kumiliki pikipiki yoyote waitakayo ambao hung'arisha Super Cub yao ya zamani kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa wenye pikipiki nyekundu za mashindano. Hilo lilinivunja kiburi kidogo, maana nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mapenzi ni lazima yavuje oili.

Daftari langu linasema kwamba mwaka wa kwanza nilienda kilomita 7,400, pamoja na kwamba pikipiki ilikaa bila kutembea kwa jumla ya wiki 11. Nambari hizo mbili nimezitazama mara nyingi. Ile ya alama 34 haikuharibika kamwe na haikwenda popote. Hii iliharibika na kunipeleka kila mahali, na kwa kuwa mara nyingi ilinipeleka polepole, nilianza kupita njia ndogo ambazo hapo awali nilizikwepa. Nilijifunza kusoma plagi: kahawia hafifu ni afya, masizi meusi ni mafuta kuzidi, weupe ni hewa kuzidi na hatari ya pistoni kuungua. Nilijifunza kutofautisha mlio wa valvu iliyolegea na ule wa cheni iliyolegea. Mambo haya hayakunifanya fundi, na fundi wangu hulikumbusha hilo kila ninapompelekea kitu nilichokwisha kukifungua, lakini yalinifanya niache kuwa abiria anayeshika usukani.

Mpwa wangu huyo sasa ni mtu mzima, na miezi michache iliyopita alikuja na jedwali lake, kwenye simu, lenye vigezo 14 na rangi. "Mjomba, nisaidie," akaniambia, "mbili za juu zimepishana alama moja tu." Nilimwonyesha karatasi yangu tukacheka. Kisha nikampa nilichoweza. Nilimwambia akazikalie zote mbili, aende nazo angalau saa moja kila moja, halafu asifanye lolote kwa siku mbili, aangalie ni ipi itakayomrudia akilini bila kuitwa. Nilimwambia pia asiende kununua peke yake, kwa sababu aliyependa haoni. Aende na mtu asiyejali rangi yake, na mtu huyo ashike injini kwa kiganja kabla haijawashwa, maana muuzaji anayeipasha moto mapema huenda anaficha shida ya kuwaka ikiwa baridi. Anyanyue gurudumu la mbele na kuugeuza usukani taratibu kusikiliza kama kuna mahali unakwama katikati, jambo linaloonyesha kwamba beringi zake zimechakaa. Apapase fimbo za shokapu za mbele kutafuta kutu, atazame cheni ilivyokaa kwenye meno ya sproketi, alinganishe nambari ya fremu na ya kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu.

Nilisubiri, nikikiri, kwa hamu ya kusikia kwamba amechagua kitu cha ajabu. Alinunua ile ya kwanza kwenye jedwali, yenye alama nyingi kuliko zote, pikipiki ya kijivu isiyo na hadithi yoyote. Mama yake ananiambia kwamba kila usiku kabla ya kulala hutoka nje kidogo, akisema anaangalia kama ameifunga.

Yangu wiki hii haiendi popote. Ilianza kutoa moshi wa buluu na kula oili, nikaivua kichwa, na sasa silinda iko juu ya meza ikiwa imefunikwa kitambaa, valvu zimepangwa kwenye sanduku la mayai kwa mpangilio zilizotoka, na ringi mpya za pistoni bado hazijafika. Kazini naenda kwa basi. Jana usiku niliteremka karakana nikaingiza kidole ndani ya silinda kutafuta mkwaruzo, nikaupata upande wa nyuma, mwembamba kama unywele, wa kuondolewa kwa kuchonga kidogo tu. Ilikuwa saa tano na nusu. Nikafuta kidole, nikabaki nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, taa ikiwaka, bila kazi yoyote ya kufanya.